Kutafuta jina la Babu Marijani: siku saba, Jinja mpaka Dufile

Siku ya kwanza, Jumamosi. Jinja – Bombo

Nimetoka Walukuba saa kumi na moja na nusu alfajiri, begi moja mgongoni, daftari, na bahasha yenye karatasi tatu. Ndani ya hizo karatasi jina letu la ukoo limeandikwa kwa namna tatu. Cheti cha shule cha marehemu baba kinasema Marijani. Barua ya gombolola, yaani ofisi ya serikali ya eneo, ambayo babu alipewa wakati anaomba kiwanja inasema Malijani. Na mimi mwenyewe, ofisi moja waliniandika Marjan, nikarudi kulalamika wakasema njoo baada ya wiki mbili, nikaenda, wakasema njoo tena, mwisho nikaacha hivo hivo na ndiyo jina natembea nalo mpaka leo.

Nyumbani tumekua na hadithi mbili kuhusu huyu baba yake babu ambaye sote tunamwita Babu Marijani. Baba alitufundisha tukiwa wadogo kwamba alitoka Lamu, ati alikuja Uganda na misafara ya biashara, na ushahidi ni jina lenyewe manake marijani ni kitu cha baharini, bara utakitoa wapi? Hiyo ni moja. Ya pili ni ya binamu yangu aliye Uingereza, yeye anashikilia kwamba ukoo wetu ni Morgan na kuna mzungu mahali fulani, kwa sababu akiwa mtoto aliona medali kwa shangazi imeandikwa hivo. Tumebishana kwa simu miaka mingi. Mimi sasa nimepata mtoto wa kiume wa kwanza, nataka kujua namwachia jina gani.

Jinja mpaka Kampala haina habari kubwa, foleni ya Mukono kama kawaida, kisha nikachukua taksi ya Bombo. Ni kilomita kama 35 tu juu ya barabara ya Gulu, ila ukishuka pale unajua umefika kwingine. Kinubi kinazungumzwa dukani, kwa fundi cherehani, kwa watoto wanaocheza. Kinubi ni Kiarabu cha kambi za jeshi la Sudan kilichogeuka lugha ya nyumbani, na mimi nakielewa nusu nusu tu kwa sababu sisi tulilelewa kwa Kiswahili kama watoto wote wa kambi.

Shangazi nimemkuta kaketi ubarazani juu ya mkeka wa birish anashona tabaga, zile kawa za kufunikia chakula, nyuzi nyekundu na za njano zimemzunguka magotini. Ana miaka kati ya themanini na tisini na bado anatia uzi kwenye sindano bila miwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akaniangalia kitambo akasema "Ita ja," umekuja. Nikaletewa gurusa na chai ya maziwa kabla hata sijavua viatu vizuri.

Baada ya Isha akatoa sanduku la bati. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha leso, medali. Sikuwahi kuishika. Ni ya fedha, nzito kuliko nilivyodhani, upande mmoja Malkia Victoria, upande wa pili mwanamke amesimama na simba pembeni na maneno East & Central Africa. Utepe wake nusu njano nusu nyekundu, umechakaa mpaka unaona nyuzi. Juu kuna vibao viwili vidogo, kimoja kimeandikwa Lubwa's na kingine Uganda 1897-98.

Maandishi ya ukingoni yamekwisha kufutika. Nikawasha tochi ya simu hayasomeki. Nikataka kusugua na dawa ya meno shangazi akanishika mkono akasema hapana, ukisugua unaondoa na kidogo kilichobaki. Basi nikakata karatasi nyembamba ya daftari nikaizungusha ukingoni nikapitisha penseli taratibu ubavu ubavu, kama tulivyokuwa tunafanya na sarafu shuleni. Zikaanza kutoka herufi. Namba kwanza, sikuipata yote. Kisha M. Kisha O. Kisha R na G. Nikasimama pale. Binamu yangu hakuota. MORGAN, halafu Uganda Rifles.

Nimelala usiku wa manane.

Siku ya pili, Jumapili. Bombo

Leo nimekaa na shangazi mchana kutwa, na aliyonieleza ni mazito kuliko medali.

Nilimuuliza moja kwa moja, shangazi, Babu Marijani alitoka Lamu? Akaacha kushona. Akasema, "Mwanangu, Lamu aliitia baba yako. Mwaka 1979."

Anayejua historia ya Uganda anajua huo mwaka. Amin alianguka mwezi wa nne, Kampala ilichukuliwa tarehe 11, na Wanubi wote wakahesabiwa watu wake hata yule ambaye hajawahi kushika bunduki. Watu wakatimuliwa, nyumba zikaporwa, wengi wakakimbilia Sudan, Zaire na Kenya. Baba alikuwa fundi mitambo Jinja, hakukimbia. Aliwakalisha kaka zangu wakubwa chini akawaambia kuanzia leo sisi ni Waswahili, babu yetu alitoka Lamu na misafara, na Kinubi kisisikike tena humu ndani. Karatasi zote za babu zenye jina la Bombo akazichoma jikoni. Ile barua ya gombolola iliponea kwa sababu ilikuwa kwa shangazi.

Nilibaki nimenyamaza. Yaani miaka yote nimemtetea baba kwa binamu yangu, Lamu, Lamu, na kumbe Lamu ilikuwa ni ukuta ametujengea. Simlaumu hata kidogo. Alitaka tuishi, tumeishi. Ila alikwenda kaburini bila kuubomoa huo ukuta, hata baada ya Katiba ya 1995 kutuandika Wanubi kwenye orodha ya makabila ya Uganda. Shangazi anasema alimpelekea ujumbe wakati huo, baba akajibu tu "tuache watoto walivyo."

Kwa hiyo Lamu imeondoka. Nikamuuliza sasa yeye anajua nini. Akasema alikuwa mtoto mdogo wakati Babu Marijani anafariki, anamkumbuka mzee mrefu mweusi sana, kofia ya tarabushi, anakaa chini ya mwembe asubuhi. Anajua alikuja "na watu wa Selim Bey". Basi.

Hilo la Selim Bey nalijua kidogo na nalieleza hapa kwa ajili ya wadogo zangu watakaosoma. Serikali ya Misri ilikuwa na jimbo kusini mwa Sudan linaitwa Equatoria, na gavana wake wa mwisho alikuwa Emin Pasha, Mjerumani. Mahdi, kiongozi wa dini wa Sudan, alipoinuka dhidi ya Misri na Khartoum ikaanguka mwaka 1885, Emin na askari wake wakakatiwa njia, wakarudi nyuma kufuata Nile mpaka Wadelai. Stanley, yule mzungu mvumbuzi, akaja kumchukua Emin wakaondoka zao 1889 kuelekea Bagamoyo. Askari wengi wakabaki na ofisa wao Selim Bey pale Kavalli, upande wa magharibi wa Ziwa Albert, hawana mshahara, hawana serikali, wanalima pamba na kufuma nguo zao wenyewe. Mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, akawafuata akawachukua kuwa askari wa Waingereza, wenye bunduki karibu 600 tu, lakini ukiweka wake, watoto na wafuasi walikuwa zaidi ya watu 8,000. Hao ndio mbegu ya Wanubi wa Uganda. Miaka sita baadaye, 1897, wakachoka na mshahara mdogo usiokuja kwa wakati na safari zisizokwisha mbali na familia zao, sehemu yao wakaasi, wakaishika ngome ya Luba kule Busoga, ufukweni mwa ziwa, si mbali na kwetu Jinja.

Na ile medali ina kibao cha Lubwa's. Maana yake Babu Marijani alikuwa pale, ila upande wa nje wa ngome. Ndani walikuwa wenzake waliotoka naye Kavalli. Shangazi anasema hakuwahi kuivaa hiyo medali hata Idi. Jioni nilimwomba nimwekee utepe mpya, akakataa.

Siku ya tatu, Jumatatu. Kampala

Nyaraka za taifa zilikuwa Entebbe miaka yote, sasa ziko Kampala. Nimefika na barua yangu ya utafiti saa mbili na nusu, nimetoka jioni macho yamewasha. Kijana wa pale amenisaidia kwa moyo wote, kila faili akileta ananiuliza "mzee umempata?"

Sikumpata. Niseme ukweli niliwapata wengi mno. Kwenye karatasi za zamani za askari jina hili limejaa: Murjan, Morjan, Murgan, Morgan, Marjan, huyu koplo, huyu shaushi, huyu amefariki, huyu amestaafu. Mwanzoni nilifurahi nikidhani ni ndugu. Mpaka saa sita nilikuwa nimeandika kumi na moja kwenye daftari, na hakuna wawili ambao ni wa baba mmoja. Ndipo nikaanza kuelewa kwamba sitafuti ukoo hapa. Watu kumi na moja wasiojuana hawawezi kuwa na jina moja la ukoo.

Lakini Morgan nimemmaliza. Yule kijana, ambaye amesoma dini na Kiarabu, aliniandikia neno lenyewe kwa herufi za Kiarabu kwenye kipande cha karatasi: mim, ra, jim, alif, nun. Akasema ile herufi jim, Msudani anaisema "j" kama sisi, lakini Mmisri wa Cairo anaisema "g". Sasa fikiria makarani na maofisa wa Emin wengi walikuwa Wamisri. Mmisri anasema Murgan, ofisa Mwingereza anayesikiliza anajua kwao kuna jina Morgan, anaandika alilolizoea. Nyumbani kwa babu wenyewe wanasema Marjan. Chifu wa Buganda naye anaandika Malijani kwa sababu kwenye Luganda "r" inakaa baada ya e na i tu, kwingine kote ni "l". Na baba kwa Kiswahili akatia irabu kati akapata Marijani. Masikio manne, neno moja.

Nikampigia binamu simu palepale nje. Alinyamaza, halafu akasema "kwa hiyo hakuna mzungu." Nikamwambia hakuna. Akaomba nimtumie picha ya ile karatasi ya penseli, nikamtumia.

Siku ya nne, Jumanne. Kampala – Arua

Basi limeondoka alfajiri. Karibu kilomita 500. Luwero, Nakasongola, Kigumba, nyani wa Karuma wamekaa kando ya lami wanangoja ndizi, kisha daraja la Pakwach. Hapo nilishusha dirisha. Nile ni pana, imetulia, magugu yanaelea, na kaskazini kidogo, upande wa magharibi, ndiko Wadelai ilikokuwa. Kina mama wakaja na samaki wakavu kwenye sinia, nikanunua angara mmoja wa kumpelekea mwenyeji wangu. Nimefika Arua giza limeingia, nimekula, nimelala.

Siku ya tano, Jumatano. Arua

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Mwenyeji amenipeleka kwa mzee mmoja wa Kinubi, mtaa wa karibu na msikiti, mzee wa busara ambaye watu humfuata kwa mambo ya nasaba wakati wa posa ili ndugu wasioane. Nimemkuta amelala kwenye kitanda cha kamba kivulini, redio sikioni. Nikamwamkia, nikajieleza, Isim tai Marijani. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Gabila taki sunu?" Kabila lako nini?

Nikasema mzee kabila ndilo natafuta, mimi nina jina tu. Akazima redio.

Akasema, "Hilo si jina la kabila wala la baba. Hilo ni jina la bunduki."

Nimeandika maelezo yake usiku huu kadiri nilivyokumbuka. Tangu Muhammad Ali wa Misri alipotuma jeshi Sudan mwaka 1820 alitaka watu weusi wa kuwafanya askari. Baadaye wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakajenga zariba zao, yaani kambi zilizozungushiwa boma, mpaka huku kusini, wakawa wanachukua vijana, wengine watoto kabisa. Kijana akiingia kambini analetwa na jina la kwao, labda lina maana ya mvua siku aliyozaliwa, labda la bibi yake, nani anajali, karani hawezi hata kulitamka. Anapewa jina jipya siku anayopewa bunduki. Na majina yalitoka kwenye kapu moja: Almasi, Marijani, Rehani ule mmea wa harufu nzuri, Bakhiti mwenye bahati, Farajala. Vitu vizuri vya kumpendeza bwana. Mtumwa anaitwa jina la kito kwa sababu na yeye ni mali kama kito.

Hapo nikakumbuka Pwani. Unguja kule enzi za utumwa nako kulikuwa na kina Almasi, kina Feruzi, kina Marijani. Kwa hiyo hata kama baba angekuwa amesema kweli, hata kama Babu angetoka Lamu, jina lake bado lingekuwa linasema kitu kilekile. Nimeumia, sifichi. Miaka yote nilikuwa naliona jina letu zuri, nalifikiria bahari.

Mzee aliniona nimeinama, akaniambia inua kichwa mwanangu, sote hapa tuko hivyo, jina wametupa wao lakini gabila tulificha kwa mama zetu. Akasema kwa Wanubi mtu ni Mnubi, halafu nyuma ya Unubi ana asili yake: kuna Wanubi Bari, kuna Makaraka, kuna Mundu, Lendu, Kakwa, Dinka, Alur, Lugbara. Tunajuana kwa hiyo. Ya kwenu ipo, mtu anaijua.

Kisha akauliza: "Meno yake yalikuwaje?"

Nikasema sijui. Akasema piga simu.

Nikampigia shangazi, nikaweka sauti kubwa, mzee akasogea. Shangazi, Babu Marijani meno yake yalikuwaje? Kukawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu shangazi akaanza kucheka, kicheko cha mtoto, sijawahi kukisikia kwake. Akasema "Ya mbele, ya juu! Yalikuwa na ncha kama ya samaki! Alikuwa akinitolea nikikataa kula uji, mimi nakimbia napiga kelele, mama anamwambia mzee muache mtoto." Alikuwa amesahau kabisa. Miaka zaidi ya sabini hajaliwaza hilo.

Mzee akatikisa kichwa pole pole. Akaeleza kwamba Dinka na Bari na watu wa mtoni wale hung'oa meno ya chini. Kuchonga ncha ni Wazande na ndugu zao. Na ndugu zao waliokuwa karibu na kambi za Emin, waliojaa kwenye jeshi lake, ni Makaraka wa upande wa Yei. Akaongeza, na hili nimelipenda kwa uaminifu wake, kwamba hata Kongo wako waliochonga, kwa hiyo meno peke yake nisiyafanye hati. Nikamuuliza tena shangazi, neno Makaraka umewahi kulisikia nyumbani? Akajibu bila kusita. Mama yake mzazi, alipokuwa akimkasirikia baba yake, alikuwa akimwambia "kichwa chako kigumu cha Kimakaraka". Shangazi alidhani ni tusi tu.

Kwangu mimi imetosha. Wengine wa ukoo wakitaka kubisha waje Arua.

Siku ya sita, Alhamisi. Arua – Koboko – Yumbe – Moyo

Vumbi. Nimebadilisha gari mara tatu. Koboko nimekunywa chai tu.

Yumbe tulisimama karibu saa mbili gari linajaza abiria. Huku ndiko iko Bidibidi, makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini yaliyofunguliwa mwaka 2016, watu zaidi ya laki mbili, na wengi walitoka upande wa Yei. Sokoni nikamwona mama anauza karanga za kusaga kwenye vikopo, anaongea Kiarabu cha Juba na mteja, na nikashangaa naelewa zaidi ya nusu, manake Kinubi na Kiarabu cha Juba ni watoto wa nyumba moja. Nikanunua kikopo nikamuuliza kwa Kinubi changu kibovu anatoka wapi. Yei. Nikamuuliza anawajua Makaraka? Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa.

"Makaraka wanaita watu wengine," akasema. "Sisi wenyewe tunasema Adio."

Sisi. Nilishika meza yake ile ya mbao. Nikamweleza kwa haraka haraka, maneno yananipotea, nachanganya Kiswahili, kwamba mzee wetu alichukuliwa huko zamani za Waturuki, yaani utawala wa Misri, hatujui kijiji, jina tulilo nalo ni la jeshi. Akasikiliza huku anawahudumia watu. Mwisho akachukua kijiko akaniongezea karanga kwenye kikopo mpaka zikamwagika juu, akakataa pesa ya nyongeza. Akasema na wao wamekimbia, na wao watoto wao wanazaliwa hapa na wanaandikwa majina kwenye karatasi na watu wasioweza kuyatamka. Akanifundisha kusema Adio vizuri, kwa sababu nilikuwa naivuta mno.

Dereva akapiga honi.

Siku ya saba, Ijumaa. Laropi – Dufile

Shangazi aliniagiza kitu kimoja tu nilipoaga Bombo, nikifika mahali walikopita nisome Fatiha.

Nimeshuka na boda kutoka Moyo mpaka Laropi, mtoni, nikapatana na wavuvi wawili wanishushe Dufile kwa mashua. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) alikuwa ametufikia kwa simu, ametungojea kando ya maji na kitabu cha wageni. Safu ya kwanza jina, ya pili kabila, ya tatu unakotoka. Kwenye jina nimeandika Marijani. Kwenye kabila nimeandika Nubi, nikaweka mkwaju mdogo, nikaandika Adio. Akasoma, akaniuliza hiyo ya pili ni ya wapi, nikamwambia ng'ambo, upande wa Yei. Akasema sawa.

Ngome ya Dufile haina ukuta wa mawe wala mlango. Ni tuta la udongo na handaki nje yake, nyasi zimeota zimefika kiunoni, ila ukisimama juu ya tuta unaliona linavyokwenda sawa, linakata kona, linarudi kwenye mto. Meli za Misri ziliishia hapa kwa sababu mbele ni maporomoko ya Fola. Meli Khedive na Nyanza zililetwa vipande vipande mabegani mwa watu kupita hayo maporomoko, zikaja kuunganishwa hapa. Hapa ndipo Emin alifungwa na askari wake mwenyewe mwaka 1888, na hapa Novemba ya mwaka huohuo wale askari wakapigana na Wamahdi wakawarudisha nyuma, kisha wakahama kuelekea Wadelai, na Kavalli, na Lugard, na Luba, na Bombo, na mwembe wa shangazi.

Nilishuka ndani ya handaki. Ardhi ni nyeusi, laini, kuna vigae vya vyungu ukichimbua na kidole, nimeviacha palepale. Nikapiga hesabu, kama alikuwa mzee wakati shangazi ni mtoto basi hapa alikuwa kijana, labda hajafika hata miaka ishirini, meno ameshachongwa kwao, jina ameshabadilishwa. Alikuwa bado analikumbuka la kwanza. Hapa angeweza kumtajia mtu.

Nikavua viatu nikasoma Fatiha. Nilipofika mahali pa kutaja anayesomewa nikamtaja Marijani, halafu nikasema na yule aliyekuwa kabla ya Marijani, Mola unamjua kwa jina lake. Nikamsomea mara ya pili peke yake.

Simu ilikuwa na mstari mmoja wa mtandao. Shangazi akapokea mlio wa kwanza. Nikamwambia nimesoma. Akauliza, umesoma ya wangapi? Nikamwambia wawili. Akasema "kweis," nzuri, halafu akaanza kuniuliza kama nimekula na kama huko kuna mvua, na wavuvi wakawa wananiita tuondoke kabla jua halijashuka kwa sababu jioni viboko wanatoka.